Baada ya Kosa la Mtihani: Darsa Juu ya Neno "Lau"



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, darsa la toleo hili limetokana na swali nililoulizwa msikitini baada ya swala ya Isha na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza. Alikuwa amefanya jaribio, na alipotoka akagundua kwamba amejibu swali ambalo hakuulizwa. Akaniambia, "Kaka, leo siku ya tatu silali. Hivi kuna dua ya kurudisha swali?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miaka minne nyuma niliitafuta dua hiyo hiyo.

Chuoni kwetu tumekusanyika kutoka pande nyingi: wenyeji wa hapa Uganda, na ndugu zetu wa Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo. Kila mmoja wetu ana mtihani wake wa mwisho wa sekondari anaoukumbuka. Wangu ulikuwa UACE, mtihani wa kumalizia kidato cha sita hapa Uganda unaosimamiwa na UNEB. Nitaeleza yaliyonipata, kisha tutazame dini yetu inatufundisha nini kwa mtu aliyekwisha kukosea na karatasi imekwisha kukusanywa.

Kosa lenyewe

Somo lilikuwa Historia, karatasi ya historia ya Ulaya kuanzia mwaka 1789 hadi 1970. Muda ni saa tatu, insha nne, kila insha alama 25. Swali mojawapo lilitaka tujadili sababu za kuanguka kwa Napoleon III wa Ufaransa.

Nililiona neno "Napoleon" na mkono ukaanza kukimbia. Nikaandika jinsi alivyotwaa madaraka Novemba 1799, akawa mfalme mkuu mwaka 1804, akapata maafa Urusi mwaka 1812, akashindwa Leipzig mwaka 1813, akavunjwa kabisa Waterloo tarehe 18 Juni 1815, na akafia uhamishoni katika kisiwa cha St Helena mwaka 1821. Kurasa nne safi, tarehe zote sahihi. Ila mtu mwenyewe siye.

Huyo niliyemwandika alikuwa Napoleon Bonaparte, yaani Napoleon I. Aliyeulizwa alikuwa Louis Napoleon, mtoto wa ndugu yake, aliyechaguliwa kuwa rais wa Ufaransa Desemba 1848. Akaipindua katiba tarehe 2 Desemba 1851, akawa mfalme mkuu mwaka 1852, akapigana vita vya Crimea na vya Italia, akajiingiza Mexico akaambulia aibu, na mwisho akatekwa na jeshi la Waprusia na washirika wao huko Sedan, Septemba 1870. Kati ya Waterloo na Sedan kuna miaka 55.

Ndugu msomaji, hayo yote nilikuwa nayajua. Ndiyo yaliyouma zaidi. Mtu akikosa kwa kutojua, husema, "Sikusoma." Mimi nilisoma. Nilikosa kwa kutolisoma swali hadi mwisho wake.

Niligundua nje, chini ya mwembe, wenzangu walipoanza kutaja Bismarck na Sedan. Nikauliza, "Kwani Bismarck anaingiaje hapo?" Wakanitazama. Mwili wote ukaniisha nguvu.

Usiku ule nililala chali kitandani nikaiandika upya ile insha kichwani, aya kwa aya. Nikifika mwisho, naanza tena. Lau ningesoma swali mara mbili. Lau nisingekesha jana yake. Lau ningeanza na lile swali la Urusi. Nikamkumbuka baba mdogo, aliyenilipia karo miaka yote kwa biashara yake ya matoke, nikaona nimemrudishia deni la aibu. Ikawa hivyo usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Usiku wa pili mwenzangu mmoja alinijia akaninong'oneza kwamba kuna mtu ana karatasi ya mtihani unaofuata, na ukimpa pesa utafidia ulichopoteza. Nilikataa. Lakini nisiwadanganye kwamba nilikataa kwa uchamungu. Sikuwa na pesa. Wasiwasi ulikuwa umenifikisha mahali ambapo haramu ilionekana kama dawa.

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya somo la Dini ya Kiislamu, somo nililokuwa nikiongoza darasani. Nilifungua karatasi, na swali mojawapo lilihusu vita vya Uhud. Nililijua swali hilo kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu. Nikaandika ukurasa mmoja, kalamu ikasimama. Kichwani bado nilikuwa nikimtoa Louis Napoleon madarakani.

Matokeo yalipotoka, Historia nilipata C. Dini ya Kiislamu nilipata D. Kozi niliyoitamani ilinipita kwa alama chache, na ndugu zangu, haikunipita kwa sababu ya Napoleon. Kosa la kwanza lilinigharimu swali moja. Wasiwasi juu ya kosa hilo ulinigharimu somo zima.

Hesabu ambayo sikuifanya

Usiku ule ningechukua kalamu nikafanya hesabu ndogo, ningelala. Insha ile ilikuwa moja kati ya nne katika karatasi hiyo. Karatasi hiyo ilikuwa moja kati ya mbili nilizofanya za Historia. Na Historia ilikuwa moja kati ya masomo yangu makuu matatu. Zidisha: 4 mara 2 ni 8, mara 3 ni 24. Hata kama mtahini angenipa sifuri, kilichoharibika kilikuwa kama sehemu 1 kati ya 24 za kazi yangu katika masomo hayo. Sehemu 23 zilikuwa bado zangu, nyingine nimeshazifanya vizuri, nyingine bado hazijafika.

Tena kila insha husahihishwa peke yake. Mtahini akikuta umekosea swali la pili, hatakiwi kukukata alama katika swali la tatu. Na ndani ya insha moja, mwaka mmoja ulioukosea haufuti hoja tano ulizozieleza vizuri. Mwanafunzi aliyeandika kwamba Mkutano wa Vienna ulianza mwaka 1815 badala ya 1814, lakini akaeleza vizuri malengo yake na matokeo yake, hana sababu ya kukosa usingizi.

Simaanishi kwamba makosa si kitu. Alama 25 ni nyingi, na mimi nilizikosa karibu zote. Ninachosema ni kwamba kosa lina ukubwa wake, nao unaweza kuhesabika. Wasiwasi ndio usiokubali kuhesabiwa.

Neno "lau"

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitufundisha tufanye bidii katika yale yenye kutunufaisha, tumtake msaada Mwenyezi Mungu, wala tusikubali kushindwa. Kisha akatukataza, likitupata jambo, tusikae kusema lau ningefanya hivi ingekuwa hivi. Bali tuseme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria, na alilolitaka amelifanya. Akabainisha sababu: hiyo "lau" huifungulia mlango kazi ya shetani.

Tutazame mpangilio wa mafundisho hayo. Hayakuanza na kadari. Yalianza na bidii, yakafuata na kuomba msaada, yakakemea kukata tamaa, na mwisho ndipo ikaja kadari, kwa jambo lililokwisha kutokea. Kwa hiyo anayesema "imeandikwa" kabla ya kusoma ameichukua kadari mahali pasipo pake. Na anayesema "lau" baada ya karatasi kukusanywa, naye ameikataa mahali pake.

Mtu atauliza: je, kila "lau" ni haramu? La. Mtume (s.a.w.) mwenyewe katika hija yake alisema maneno yenye maana kwamba, lau angelijua mwanzo aliyoyajua baadaye, asingekuja na wanyama wa kuchinja. Alisema hivyo kuwafundisha maswahaba na kuwatuliza nyoyo. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu katika kitabu chake juu ya "lau" inayojuzu. Wanachuoni wakafafanua kwamba inayokatazwa ni ile ya kupingana na kadari na kujitesa bila faida, na isiyokatazwa ni ile inayomfundisha mtu au kumsukuma kwenye kheri.

Basi kila mmoja aipime "lau" yake. "Lau ningesoma swali mara mbili, kwa hiyo karatasi ya Jumatatu nitasoma mara mbili." Hiyo ni "lau" yenye mguu, inakwenda mahali. "Lau ningesoma swali mara mbili, lau ningesoma swali mara mbili," hadi alfajiri: hiyo imekaa kifuani, haiendi popote. Ya kwanza huhitaji dakika tano. Ya pili haitosheki hata ukiipa usiku tatu.

Uhud, swali nililoshindwa kulijibu

Sasa niruhusuni nilijibu lile swali la Uhud, japo nimechelewa. Ni mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamrisha wasiondoke hata iweje. Waislamu walianza kushinda. Wengi wa wapiga mishale walipoona ngawira, wakashuka. Kiongozi wao akawakumbusha amri, hawakusikia. Khalid bin Walid, wakati huo bado hajasilimu, akazunguka kwa farasi kupitia upande ulioachwa wazi. Waislamu wapatao 70 wakauawa, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume. Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Hakuna insha duniani inayofanana na kosa hilo, wala silinganishi karatasi na damu. Nataka tuangalie kilichofuata siku ya pili yake. Mtume (s.a.w.) aliita watu watoke kumfuatia adui, wakafika mahali paitwapo Hamraa al-Asad, maili chache kutoka Madina. Na aliwataka nani? Hakutafuta jeshi jipya lisilokosea. Aliamrisha wasitoke naye ila wale waliokuwepo Uhud jana yake, na ni Jabir bin Abdillah (r.a.) tu aliyepewa ruhusa kwa udhuru wake. Wakatoka na majeraha yao.

Kisha zikateremka aya za Suratu Aal-Imran. Mwenyezi Mungu hakulificha kosa. Alilitaja wazi, kwamba walizozana na wakaasi. Akataja pia kuwa amewasamehe. Akamuamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo. Fikiri: watu ambao jana wamekosea, leo wanatakiwa ushauri. Na katika sura hiyo hiyo wametajwa wanafiki waliokaa kando wakisema lau wangelitutii wasingeliuawa. Tukio ni moja, na makundi ni mawili. Hawa wanafunga majeraha na kutoka tena. Wale wamekaa majumbani na "lau" zao.

Mimi usiku zile tatu nilikuwa na wale waliokaa.

Ya kufanya

Kwa anayesubiri mtihani, na kwa aliyetoka akiwa na kosa moyoni, haya yanasaidia.

1. Kabla ya kuandika: saa tatu kwa insha nne ni dakika 45 kila moja. Toa dakika tano za mwanzo za kila insha kwa swali lenyewe. Lisome mara mbili. Pigia mstari jina, mwaka na neno la amri: eleza, jadili, linganisha. Ningepigia mstari zile "I" tatu mbele ya jina Napoleon, nisingekuwa na darsa hili la kuandika.

2. Ukigundua kosa ukiwa bado ndani: kata kwa mstari mmoja safi, uendelee. Muda ukiwa mchache, andika hoja kuu kwa kifupi. Nusu insha ya jibu lililoulizwa ni bora kuliko insha nzima ya jibu lisiloulizwa.

3. Ukitoka nje: usisimame chini ya mwembe. Kulinganisha majibu hakubadilishi kilichoandikwa, na mara nyingi anayezungumza kwa sauti kubwa ndiye aliyekosea. Mpe salamu mwenzako, nenda ukale.

4. Liandike kosa mara moja: kwenye karatasi andika nini kilitokea, na nini utafanya tofauti. Sentensi mbili zinatosha. Kisha ikunje. Likirudi usiku, liambie limeshaandikwa.

5. Swali na uombe: Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na kutoweza na uvivu, na mengineyo. Wanachuoni wanasema hamu ni ya yajayo na huzuni ni ya yaliyopita. Angalia kinachofuata katika dua hiyo: kutoweza na uvivu. Mimi nimeshuhudia jirani hao wakija pamoja. Baada ya huzuni ya usiku tatu, kalamu ilisimama.

6. Usifidie kosa kwa dhambi: usinunue karatasi, usitafute mtu wa kukuongezea alama, usiingie na kikaratasi mfukoni. Insha iliyoharibika haitakuuliza Siku ya Kiyama. Udanganyifu utaulizwa.

7. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mzazi, mwalimu, kaka au dada wa jumuiya. Nilipomweleza baba mdogo baada ya matokeo, alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo mzungu wa pili ndiye alitekwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe ukatekwa naye." Kisha akaniambia niende nikaoge tule. Ningemwambia mapema, pengine D ile isingekuwepo. Na hiyo ni "lau" yenye mguu, ndiyo maana nawaandikia.

8. Wasiwasi ukizidi: ukipita wiki kadhaa hulali, huli, huwezi kusoma, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au kwa daktari. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), wala si udhaifu wa imani.

Maswali ya kujadiliana katika halaka

1. Kuna tofauti gani kati ya majuto ya toba, kwa mtu aliyetenda dhambi, na majuto ya mwanafunzi aliyekosea swali? Je, yote yanahitaji jambo moja?

2. Kwa nini mafundisho ya hadithi tuliyoitaja yalianza na bidii kabla ya kadari? Toa mfano kutoka maisha ya chuoni.

3. Walioshuka kilimani Uhud walitakiwa watoke tena siku ya pili. Sisi katika jumuiya yetu tunamfanyia nini ndugu aliyekosea kazi tuliyompa?

4. Taja "lau" moja uliyonayo mwaka huu. Ina mguu, au imekaa?

Ndugu zangu, yule mdogo wetu nilimjibu hivi: dua ya kurudisha swali siijui, lakini dua ya mtu aliyelemewa na wasiwasi ipo, nikamfundisha. Kisha nikamuuliza, "Jaribio linalofuata ni lini?" Akasema ni Alhamisi. Nikamwambia twende maktaba. Tukakaa hadi ilipofungwa, na alipoondoka alikuwa anapiga miayo. Nilifurahi kuiona miayo ile.

Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa tuliyoyasoma, atusamehe tulipokosea, atuwafikishe katika mitihani ya dunia na atusalimishe katika ule wa Akhera. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.